Maji ya ziwa yamekuwa kijani kama rangi ya ukuta: ni tabianchi au ni uchafu wetu, na kuchemsha kunasaidia?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tabata, nalifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Mama yangu anaishi Ukerewe, nyumba iko karibu kabisa na ziwa. Likizo tumeenda na watoto tukakuta pale wanapochotea maji pamekuwa kijani kizito kama mtu kamwaga ndoo ya rangi, na panatoa harufu mbaya. Mimi nimekulia pale sikumbuki kuona hali hiyo. Majirani wengine wanasema ni mabadiliko ya tabianchi, wengine uchafu wa mjini, wengine wanasema ni magugu maji yameoza. Mama yeye anachemsha anakunywa, anasema moto unaua kila kitu. Naomba unieleze hicho ni nini, tabianchi inaingiaje hapo, na je kuchemsha kunatosha?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa wasiwasi. Naanza na kipande cha mwisho maana hicho hakiwezi kusubiri: kuchemsha peke yake hakutoshi. Maji yakishakuwa kijani kizito namna hiyo moto unaua vile viumbe vyenyewe lakini sumu waliyobeba ndani haifi kwa moto, na wakipasuka ile sumu yote inamwagika kwenye maji, afu kadiri yanavyozidi kuchemka maji yanaondoka kwa mvuke na sumu inabaki sufuriani. Kwahiyo mpigie mama leo, umwambie maji ya pale penye ukijani asinywe, asipikie, asikorogee uji wa wajukuu. Cha kufanya badala yake nitakueleza huko chini. Mengine tuongee taratibu.

Hicho mlichokiona watu wengi wanakiita mwani, ila sisi wa pwani neno hilo linatuchanganya kwa sababu mwani kwetu ni ule wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani, kitu unakishika, unakianika, unakiuza kwa kilo. Cha ziwani ni kitu kingine, ni bakteria, wadogo kiasi kwamba mmoja mmoja huwaoni kwa macho, ila wana kazi ya majani, wanajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Wanaitwa sayanobakteria. Wapo karibu kwenye kila maji duniani na walikuwepo kabla yetu kwa muda mrefu mno, oksijeni tunayovuta mimi na wewe ilianza kujaa hewani kwa kazi yao. Wala si wote wenye sumu, wale flamingo wadogo wa Natron na Manyara wanaishi kwa kula jamii mojawapo ya haohao. Tatizo linaanza pale jamii fulani zikizaliana kwa kasi kupita kiasi, zinapanda juu, upepo unazikusanya ufukweni, unapata ule utando kama rangi. Ukikauka kwenye mawe unaacha alama ya bluu bluu, ukiiona hiyo jua ndio wenyewe. Magugu maji sio hayo, yale ni mmea mkubwa unaoelea wenye maua ya zambarau, uliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, una matatizo yake lakini ni kesi nyingine.

Pale kwenye Ziwa Victoria anayeongoza kwa sifa mbaya anaitwa mikrosistisi, na sumu yake kubwa inaitwa mikrosistini, inashambulia ini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku. Ili uelewe udogo wake, chukua gramu moja ya sumu, kama robo ya kijiko cha chai, igawe kwenye maboza 100 ya lita 10,000 kila moja, hapo ndio umefika kwenye kikomo. Utando mzito wa ufukweni unaweza kuzidi kikomo hicho mara mamia, na ndio maana sipendi kusikia mtu anasema "tumekunywa miaka yote hatujafa".

Sasa tabianchi.

Wewe uko Tabata, bila shaka juu ya nyumba au pembeni kuna simtanki. Saa nane mchana fungua mfuniko uingize mkono, maji ya juu ni ya moto, ya chini yamepoa. Yale ya moto ni mepesi yanakaa juu, ya baridi mazito yanakaa chini, na kama hakuna anayeyakoroga yanabaki hivyohivyo mafungu mawili. Ziwa nalo liko hivyo, na kinacholikoroga ni upepo na baridi ya usiku. Kwenye Ziwa Victoria kuanzia kama Septemba Oktoba mpaka Aprili Mei maji yanajigawa tabaka, afu kipupwe kikiingia, Juni mpaka Agosti, pepo za kusini zinapiga, juu panapoa, ziwa linajipindua, la chini linakuja juu. Watu wa ziwani hawahitaji mtaalamu kuwaambia, wanaona rangi ya maji inabadilika.

Joto likiongezeka, hata kidogo, tabaka la juu linazidi kuwa jepesi na upepo unashindwa kulichanganya na la chini. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: digrii moja kwenye maji yetu ya uvuguvugu ina nguvu kuliko digrii moja kwenye maji ya baridi ya Ulaya. Uzito wa maji haupungui sawasawa kadiri yanavyopata joto, ukitoka digrii 26 kwenda 27 uzito unapungua zaidi ya ukitoka 6 kwenda 7. Kwahiyo mtu akikwambia huku kwetu joto limepanda kidogo tu kulinganisha na huko kaskazini, usitulie, ziwa la tropiki linasikia hiyo kidogo.

Na maji yakitulia nani anafaidi? Ndio hawa. Wana vijifuko vidogo vya hewa ndani ya mwili, kama maboya ya nyavu, wanaweza kupanda juu kufuata jua na kushuka kufuata chakula. Wale mwani wa kweli wa ziwani, nao wadogo lakini wazuri, ambao samaki wanawategemea, wengi ni wazito, magamba yao yamejengwa kwa madini ya silika, yaani jamii ya kioo, bila upepo wa kuwainua wanazama gizani wanakufa. Maji yakikorogwa vizuri wote wana nafasi, maji yakitulia mwenye boya ndio anabaki juu kwenye jua, na akishajaa juu anawawekea kivuli waliobaki chini. Juu ya hapo, wengi wao wanakua vizuri zaidi maji yakivuka digrii 25, joto ambalo wengine wanaanza kuchoka. Na ule utando mzito wenyewe unanyonya jua na kupasha maji ya juu, yaani wakishaanza wanajiongezea mazingira yanayowafaa.

Kuna kitu kinatokea chini pia ambacho mimi ndio kinaninyima usingizi zaidi kuliko huo utando. Maji ya chini yasipokutana na hewa muda mrefu oksijeni inaisha, kwa sababu kila kinachokufa juu kinazama na kuozea kule. Tope la chini ya ziwa limehifadhi fosforasi ya miaka mingi, ileile inayowekwa kwenye mbolea za shamba, imeshikwa na chuma kilichomo kwenye tope. Oksijeni ikiisha ule mshiko unaachia, fosforasi inarudi kwenye maji, na siku ziwa likijipindua inaletwa juu kama mbolea mpya ambayo hakuna mtu aliyeimwaga mwaka huo. Kwahiyo unaweza ukafunga kila mfereji wa maji taka leo, ziwa likaendelea kujilisha kwa akiba yake miaka kadhaa, na joto ndilo linalorefusha kile kipindi cha kukosa oksijeni.

Afu kuna mvua. Tabianchi haijaja na joto peke yake, imekuja na mvua za fujo, kiangazi kirefu udongo unakauka unapasuka, ikija inakuja yote kwa wiki mbili, inabeba udongo wa mashamba, samadi, mbolea, na vinyesi mpaka ziwani, afu jua kali linarudi maji yanatulia. Yaani hawa viumbe wanapewa chakula halafu wanatandikiwa kitanda. Unakumbuka vuli ya 2019, ile ambayo Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa ya joto kuliko kawaida na mvua haikutaka kukata? Ziwa Victoria lilipanda mpaka Mei 2020 likafikia kina ambacho hakijaonekana tangu 1964, likaingia kwenye nyumba za mwambaoni, na lilipoingia kwenye nyumba liliingia na kwenye vyoo vya shimo. Sisi wa Dar tunaijua hiyo picha kutoka Jangwani, tofauti ni kwamba uchafu wa Msimbazi unaishia baharini lakini wa ziwani unabaki ziwani. Maji ya Ziwa Victoria yana mlango mmoja tu wa kutokea, pale Jinja kwenye Nile, mengine yanaondoka kwa mvuke, na fosforasi haipandi na mvuke.

Kwahiyo majirani waliosema tabianchi hawajakosea. Ila ngoja, na waliosema uchafu nao hawajakosea, na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri kwa sababu siku hizi kila mtu anayetakiwa kujenga mfumo wa majitaka amepata pa kujificha, ukimuuliza anakwambia ni tabianchi, ni ya dunia nzima, sisi tutafanya nini.

Tope la chini ya ziwa ni kama daftari, kila mwaka linaandika mstari. Watafiti walipochomeka mabomba na kutoa tope la Ziwa Victoria wakalisoma kutoka chini kwenda juu, walikuta ongezeko la mwani linaanza kuonekana tangu miaka ya 1930, na linapanda sambamba na watu na mashamba kuongezeka kuzunguka ziwa. Miaka ya 1930! Sangara, yule samaki mkubwa aliyepandikizwa baadae, hajaletwa, joto la dunia halijafika lilipo sasa. Kwahiyo mbolea ilitangulia. Iliendelea kuongezeka mpaka wale mwani wazuri wakaimaliza silika waliyokuwa wanajengea magamba, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 sayanobakteria ndio wakawa wenye ziwa. Uzalishaji wa mwani uliopimwa 1960 na 1961, ukilinganisha na ule wa miaka ya 1990, umekuwa kama mara mbili. Katikati hapo furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wakapotea kwa jamii mamia, sangara alikula sehemu kubwa lakini maji kuchafuka na kukosa oksijeni nako kulichangia. Wewe mwenyewe unasema ulipokuwa mdogo hukuona utando huo, mimi naamini macho yako, ila mabadiliko yalikuwa yanaendelea chini kwa chini kabla wewe hujazaliwa, joto limekuja kuyapandisha juu mkayaona.

Na fosforasi haitoki kwenye mabomba tu. Makadirio ya miaka ya 2000, ambayo yalihusisha mtafiti wa hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria inadondoka kutoka hewani, vumbi la mashamba yaliyoachwa wazi na majivu ya kuchoma nyasi na misitu. Moshi wa kiangazi unaouona kutoka dirishani mwa basi ukivuka Shinyanga, sehemu yake inaishia kuwa ukijani Ukerewe. Watu hawapendi kusikia hili kwa sababu halina kiwanda cha kunyooshea kidole.

Nikupe mfano mwingine utakaoonyesha kwamba joto peke yake halipiki. Ziwa Tanganyika nalo limepata joto, maji yake ya juu sasa ni ya joto kuliko wakati wowote ndani ya miaka 1,500 iliyopita. Ungetegemea limekuwa kijani, au sio? Limekuwa kinyume, mwani umepungua. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470 hivi, chakula chake kiko chini kabisa na kinahitaji upepo kukipandisha, joto limeweka kifuniko juu, chakula kinabaki chini, mwani unapungua, na samaki anayetegemea mnyororo wote huo wa chakula anapungua. Utafiti uliotoka 2003 ulikadiria uzalishaji umeshuka kama asilimia 20 na hiyo ina maana samaki pungufu kama asilimia 30. Wavuvi wa dagaa na migebuka Kigoma wanalia kwa sababu maji yamekosa chakula, wa Mwanza wanalia kwa sababu maji yamevimbiwa, na joto ni lilelile. Victoria ni pana kama sahani, kina cha wastani mita 40 tu, chakula kiko karibu na watu wamejaa pembezoni. Joto linachofanya ni kulisukuma kila ziwa kule ambako lilikuwa tayari linaelekea.

Kwa dunia nzima picha inafanana. Waliopitia picha za satelaiti za maziwa makubwa 71 kuanzia 1984 mpaka 2012 walikuta zaidi ya theluthi mbili ukijani umezidi, na yale machache yaliyopona ni yale ambayo hayakupata joto sana. Hilo la mwisho lisome mara mbili. Maana yake kadiri joto linavyopanda, kazi ya kusafisha ziwa inakuwa ngumu zaidi, kiwango cha mbolea ambacho zamani ziwa lingekivumilia leo kinatosha kulifanya kijani. Kwahiyo jibu la tabianchi hapa kwetu ni kupunguza fosforasi zaidi ya tuliyokuwa tumepanga, na mapema zaidi. Joto la dunia mimi na wewe na halmashauri ya Ukerewe hatuna swichi yake. Vyoo, majitaka, mashamba mpaka kwenye ukingo wa maji, moto wa kiangazi, vizimba vya sato vilivyobanana kwenye ghuba isiyopitisha maji, hivyo swichi zake zipo mikononi mwetu. Ziwa Washington pale Seattle lilikuwa linanuka kwa haohao, wakaondoa majitaka ndani yake kati ya 1963 na 1968, na miaka ya 1970 maji yakarudi kuwa meupe. Lile ni dogo na la baridi, Victoria haitapona kwa kasi hiyo, lakini njia ni ileile.

Nikueleze kidogo kwa nini nasisitiza sumu, maana kuna watu wanaona ni hofu za maabara. Mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazil, kliniki ya kusafisha damu za wagonjwa wa figo ilipata maji ya bwawa ambayo hayakusafishwa ipasavyo, yakaingia moja kwa moja kwenye damu za wagonjwa, na vifo 52 vikahusishwa na sumu hiyo. Agosti 2014 mji wa Toledo, Marekani, wenye mitambo ya kisasa, watu zaidi ya laki nne waliambiwa kwa siku kama tatu wasinywe maji ya bomba na wasiyachemshe, kwa sababu ya utando wa Ziwa Erie. Na Botswana mwaka 2020 tembo zaidi ya 330 walikufa upande wa Okavango, uchunguzi wa serikali ukaelekeza kwenye sumu za hawa viumbe kwenye madimbwi yaliyokuwa yanakauka.

Ila kisa ambacho nakisimulia kila nikienda kijijini ni cha Palm Island, Australia, 1979. Watu waliona bwawa lao limekuwa kijani, wakalalamika, wahusika wakamwaga mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu, kuua. Ukijani ukafa. Siku chache baadae watu 148 wakaugua ini na figo, karibu wote watoto. Viumbe vilipokufa vilipasuka vyote kwa mpigo na kuachia sumu kwenye maji ambayo sasa yalionekana masafi. Kwahiyo mtu yeyote akija na wazo la kumwaga mrututu au klorini pale mnapochotea, mkataeni. Na kwa sababu hiyohiyo mama asitumbukize vidonge vya kusafishia maji kwenye ndoo ambayo bado ni ya kijani, kwanza ukijani utoke ukiwa mzima, dawa baadae.

Haya, mama afanye nini. La kwanza kabisa ni maji ya mvua. Nyumba ikiwa na bati, weka gata na simtanki, Ukerewe mvua ipo ya kutosha, ndugu mkichangishana mnaliweza na hakuna zawadi itakayomsaidia mama kuliko hiyo, na chagueni tenki jeusi lisilopitisha mwanga ili humo ndani nako kusiote. Kama kuna bomba la mamlaka yenye mtambo wa kusafisha lipo hata kwa kutembea kidogo, hilo ni bora kuliko ufukwe. Ikishindikana vyote hivyo, achimbe kisima kifupi kwenye mchanga mita kadhaa kutoka kwenye ukingo, mbali na choo, maji yakipenya kwenye mchanga taratibu mchanga unawazuia hawa na bakteria wengine wa mchangani wanaila sumu. Wazee wa ziwani walikuwa wanafanya hivyo tangu zamani na walikuwa sahihi kabisa.

Akilazimika kuchota ziwani kwenyewe basi achote mbali na utando, upande ambao upepo unatokea sio unakoelekea, ndoo izame chini na isikombe juu, na asichote alfajiri baada ya usiku mtulivu maana usiku upepo ukilala ndio wanapanda wote juu. Achuje kwa kitenge kilichokunjwa mara kadhaa, aweke shabu au mbegu za mlonge zilizotwangwa, aache yatulie, achukue ya juu yaliyo safi bila kutikisa masimbi ya chini. Halafu ndio achemshe. Tafadhali usimwambie mama aache kuchemsha, kipindupindu na homa ya matumbo vinaua haraka zaidi kuliko mikrosistini, ninachosema ni kwamba mpangilio uwe kutoa ukijani kwanza na moto mwishoni. Na hata akifanya yote hayo, sumu ambayo imeshayeyuka kwenye maji haitoki kwa kitambaa wala kwa shabu, kwahiyo siku utando ni mzito hii njia asiitumie kabisa, ni ya siku ambazo maji yana ukijani hafifu.

Watoto wasiogelee kwenye utando, wakioga humo wanawashwa, wanaumwa macho, na wakimeza wanatapika na kuharisha. Mbuzi na ng'ombe wazuiwe pia, wao hawachagui na wanakunywa mengi. Mbwa ndio kabisa, analamba manyoya.

Samaki, najua utauliza maana na sisi huku Dar tunakula sato wa Mwanza. Sumu nyingi inakaa kwenye ini na matumbo, nyama inakuwa na kidogo, kwahiyo toa matumbo yote, osha kwa maji safi, kula. Aliyekutwa anaelea amekufa ndani ya utando asiliwe. Dagaa ndio wanahitaji uangalifu kidogo kwa sababu tunawala wazima na matumbo yao, sisemi muache, dagaa ni chakula kizuri sana kwa watoto wetu, ila waliovuliwa ndani ya ghuba yenye utando mzito mimi nisingempa mtoto mdogo kila siku.

Na wewe wa Tabata maji yako yanatoka Ruvu, mto unaotembea, hawa viumbe mto unaotembea hawaupendi sana. Lakini bwawa la Kidunda linajengwa kwenye mto huohuo huko Morogoro, litakuwa maji yaliyotulia kwenye bonde la joto, na bwawa jipya miaka ya mwanzo linaozesha majani na miti yaliyozama na kuachia mbolea nyingi. Tunalihitaji, nakumbuka mgao wa 2022 Ruvu iliposhuka, ila upimaji wa sayanobakteria uanze siku ya kwanza ya kujaza maji, sio siku wateja wakianza kulalamika harufu.

Nataka ufanye kitu kimoja kwanza kabla hamjahangaika. Mama achukue chupa ya maji ya plastiki inayoonyesha ndani, aijaze robo tatu pale pale ufukweni akiwa amevaa mfuko mkononi, aifunge, aiweke kivulini ndani usiku mzima bila kuigusa. Asubuhi kama ukijani umepanda wote juu umefanya pete shingoni mwa chupa, ndio hawa. Kama umezama chini au ni nyuzi nyuzi zinazoning'inia ukiziinua kwa kijiti, basi kuna uwezekano mkubwa ni mwani wa kawaida usio na sumu. Maji hayo amwage mbali na kisima na kuku. Apige picha, ukipata nitumie pamoja na tarehe na jina la mwalo, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, halafu nakala ya picha hiyohiyo mpeleke kwa afisa afya wa kata na ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria pale Mwanza, wao wanaweza kuja na vifaa vya kupima, na kwenye mwalo ambao hakuna aliyewahi kutoa taarifa huwa hawana sababu ya kufika.